Dakika Thelathini na Tano za Tarishi

Mwandika vibao wa mji wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuacha neno bila kuliwekea nukta. KINYOZI. MAZIWA YAPO. USITUPE TAKA HAPA. Hata mlango wa choo cha soko aliuandika WANAUME. kana kwamba suala hilo lilijadiliwa kikaoni likapitishwa kwa kura. Watu wakamcheka, wakamwita Nukta, naye akalizoea jina hilo mpaka likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichonuka tapentaini, chenye meza iliyokuwa zamani mlango na makopo ya maziwa yaliyojaa brashi. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia herufi na tarakimu. Alizikata mwenyewe kwa wembe kwenye filamu za eksirei zilizotupwa na hospitali, kwa hiyo ukiinua K kwenye mwanga uliona na mbavu za mtu, na ndani ya kiuno cha S mlikuwa na goti la mgonjwa fulani aliyekwisha kupona au aliyekwisha kufa. Violezo hivyo ndivyo vilivyouandika mji mzima, na Nukta alijivunia jambo moja, kwamba herufi zake zilifanana. "Mkono hutetemeka," alipenda kusema, "kiolezo hakitetemeki."

Alipofika miaka sitini na mitatu, jicho la kulia likaingiwa na mtoto wa jicho, na la kushoto likaanza kumwonea wivu mwenzake. Akajua vibao vilivyobaki vinahesabika.

Asubuhi moja akaingia Dobi.

Dobi alikuwa mama wa makamo aliyefua na kupiga pasi katika chumba cha ng'ambo ya mtaa. Miaka thelathini ya kusimama mbele ya meza ya pasi ilimpa miguu kama nguzo za daraja, na mkono wa kulia ambao wanaume wenye busara hawakupenda kupeana nao. Alikuwa mjane wa tarishi wa posta. Tarishi alikuwa rafiki wa Nukta, kwa hiyo mjane na Nukta waliitana shemeji.

"Shemeji, kibao cha kaburi la mwenzangu kimeoza," alisema bila kukaa. "Mchwa wamekula mpaka tarehe. Niandikie kingine."

"Nitakuandikia kwa mbao ngumu. Maneno yale yale?"

"Jina na tarehe."

"Na 'Mume mpendwa'?"

"Mpendwa wa nani?"

Nukta akashika brashi ambayo haikuwa na kazi. "Shemeji, kile cha kwanza nilikiandika..."

"Kile cha kwanza ulikiandika siku ya tatu baada ya mazishi. Siku ya tatu nilikuwa bado mjinga. Weka jina, weka tarehe, weka na hiyo nukta yako kama huwezi kulala bila kuiweka. Cha zaidi sitaki."

Akatoka, na mlango ukabaki ukicheza kwenye bawaba.

Ili kuelewa kwa nini mke amnyime marehemu neno moja, ni lazima uujue ufuo wa korongoni. Nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa basi, ardhi imepasuka. Mpasuko huo una kuta za mawe ndefu kuliko mnara wa simu, nao unateremka ukipindapinda mpaka baharini, na mwisho wake pana ufuo mdogo wa mchanga mweupe usio na barabara. Njia ni mbili: upande mashua ya Nahodha kutoka gatini, au ushuke kwa miguu ndani ya korongo. Karibu na mwisho, kuta zinasogeleana mpaka ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Hapo panaitwa Shingo. Maji yakipwa, Shingo ni njia. Maji yakijaa, Shingo ni koo, nalo humeza.

Panapoanzia njia, kando ya barabara kuu, baraza la mji liliweka kibao: UFUONI. DAKIKA 40 KWA MIGUU. USIPITE SHINGO MAJI YAKIJAA.

Tarishi alikuwa mtu wa saa. Kwa miaka ishirini na miwili barua zake zilifika kwa wakati, hata zile za habari mbaya ambazo hakuna ambaye angelalamika zikichelewa. Aliamini kila kilichoandikwa. Angebebaje mfuko ule kama asingeamini? Miaka kumi na moja iliyopita mashua ya Nahodha ilikufa injini, na mfukoni mlikuwa na barua ya rejesta ya mlinzi wa kibanda cha ufuoni. Tarishi akaamua kwenda kwa miguu. Mwuza mikate wa pale barabarani alimwona akisoma kibao, akitazama saa yake ya mkononi, akitazama tena kibao, kisha akishuka. Ilikuwa saa mbili kamili asubuhi. Maji yalikuwa yaanze kuingia Shingoni saa tatu. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili: angefika saa mbili na dakika arobaini, na nafasi ya kufunga kamba za viatu ingebaki.

Walimpata kesho yake Shingoni. Saa yake ilikuwa imesimama saa tatu na robo.

Mji wetu haujui hesabu ikija kodi, lakini wiki ile kila mtu alikuwa profesa. Kutoka saa mbili na arobaini hadi saa tatu na robo ni dakika thelathini na tano. Mtu ambaye hajawahi kuchelewa maishani mwake alizipeleka wapi dakika thelathini na tano? Macho yakapanda juu ya korongo. Mwendo wa dakika kumi kutoka barabarani, kando kabisa ya njia, palikuwa na nyumba ya bati ya Mama Mayai, mwuza mayai, mwanamke asiye na mume na mwenye kicheko cha kusikika mbali. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

"Thelathini na tano zinatosha," Nahodha alitangaza gatini, "kukaanga yai, kulila, na kuomba jingine."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Methali hiyo imewazika wengi wasio na hatia, lakini inatamkika vizuri. Mama Mayai alikana mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akanyamaza, na kicheko chake hakikusikika tena. Dobi hakumwuliza mtu neno. Aliacha tu kula mayai.

Utauliza, ina maana hakuna aliyewahi kuitembea njia ile akatazama saa? Walikuwepo, tele. Wenyeji tulipanda mashua, lakini wageni walishuka kwa miguu, wakafika ufuoni wametota jasho baada ya saa moja na nusu. Waliporudi juu wakasoma kibao upya, wakatazamana. Nani akiri kwamba yeye ni mzito mara mbili ya binadamu wa kawaida? Wakiulizwa walijibu, "Arobaini hivi." Vijana walisema thelathini. Mjumbe mmoja wa baraza, mwenye kitambi cha miezi minane, alisema ishirini na nane.

Ukweli ulining'inia kwenye msumari karakanani kwa Nukta.

Miaka miwili kabla ya kifo cha Tarishi, baraza lilimletea Nukta karatasi ya kibao kile, na karatasi ilisema dakika 90. Uzinduzi ulikuwa saa sita mchana, mgeni rasmi alikuwa njiani, na afisa wa baraza alisimama mlangoni akipangusa jasho na kuuliza "Bado?" kila alipovuta pumzi. Nukta akaandika maneno yote. Alipofika kwenye namba, akakuta kiolezo cha tisa kimeraruka. Cha sita na cha tisa kilikuwa kimoja, unakigeuza tu, nacho kilikufa wiki ile akiandika namba za nyumba. Angeweza kuichora tisa kwa mkono. Lakini tisa ya mkono katikati ya herufi za kiolezo ingeonekana kama jino la bandia, na mgeni rasmi angeiona. Mkono wa Nukta ukaenda msumari wa jirani, ukachukua nne.

Kesho nitakata tisa mpya nikarekebishe, akajiambia. Nani atakufa kwa tarakimu moja?

Afisa hakusoma. Maafisa hawasomi vibao, huvizindua.

Tisa mpya aliikata wiki ile ile, akaitundika. Kwa miaka miwili kilichomzuia ni uvivu. Baada ya kifo cha Tarishi kilichomzuia ni woga, maana kurekebisha kibao kungekuwa kukiri. Kisha likafuata lile ambalo hakuweza kulipa jina: mara mbili baraza lilimtuma akipake kibao rangi upya, na mara mbili, tisa ikiwa inamtazama kutoka ukutani, Nukta alichukua nne.

Siku tatu hakuigusa mbao ya kaburi. Siku ya nne alivuka mtaa.

Chumba cha Dobi kilikuwa na joto la mvuke na mashati ya watu ishirini yaliyoning'inia kama kikao kisicho na vichwa. Alikuwa anapiga pasi shati la mwalimu mkuu.

"Shemeji, kabla sijaandika, nataka twende ufuoni. Kwa miguu."

"Una homa?"

"Uchukue na saa yake."

Mkono wa Dobi ukasimama. Saa ile fundi saa aliikausha akaifufua, na Dobi alikuwa ameizika ndani ya kopo la vifungo. "Sijakanyaga kule na sitakanyaga."

"Nisipokupeleka siwezi kuandika hata jina."

"Nitatafuta mwandika vibao mwingine."

"Hayupo."

Ilikuwa kweli, hiyo ndiyo faida ya mji mdogo. Dobi akamtazama usoni, akaona kitu ambacho hakikuwa homa. Alipoinua pasi, mgongoni mwa mwalimu mkuu palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la mtumbwi. Lilikuwa shati la kwanza kuungua katika miaka thelathini.

Walichagua siku ambayo maji yangekuwa yamepwa asubuhi nzima. Wakashuka basi, wakasimama mbele ya kibao. Dobi akaitia ufunguo saa ya marehemu, akasubiri mshale.

"Saa mbili kamili. Haya, Bwana Arobaini, ongoza."

Dakika ya kumi walipita nyumba ya bati. Kuku walikuwa uani na mlango umefungwa. Dobi alipita ameukaza uso mbele kama askari wa gwaride, na vidole vyake vimeifumbata saa. Baada ya hapo kuta zikaanza kupanda, anga likawa utepe, na njia ikawa mawe ya mto uliokauka, kila jiwe likitaka lishauriwe kabla halijakanyagwa. Nukta alipapasa kwa jicho moja, akijikwaa, akiomba radhi kwa mawe.

Ghafla Dobi akasimama. Mbele korongo lilipinda kushoto. Nyuma lilipinda kulia. Hapakuwa na harufu ya bahari hata kidogo.

"Dakika arobaini," alisema. "Ufuo uko wapi?"

"Bado."

"Unatembea kama bibi harusi. Hebu nipishe."

Akampita. Alitembea kwa hasira ambayo hakujua bado ni ya nani, miguu ile ya nguzo ikipiga mawe, kitambaa kikimdondoka kichwani asikiokote. Nukta alikiokota. Alimsikia mbele akipumua kwa nguvu, akizisema dakika kwa sauti: hamsini, sitini, sitini na tano. Kwenye sehemu zilizo wazi alikuwa karibu kukimbia.

Nukta alipomfikia, Dobi alikuwa amesimama Shingoni. Kuta zilikuwa mbichi na baridi. Juu ya kichwa chake, mahali ambapo mkono wake ulionyooshwa haukufika, palikuwa na mstari wa magamba madogo ya baharini ulioonyesha maji hupanda mpaka wapi. Aliutazama mstari, akaitazama saa. Saa tatu na dakika kumi na tatu. Midomo yake ikawa inahesabu bila sauti.

"Hakusimama popote," alisema.

"Hakusimama."

"Alikuja moja kwa moja. Na mfuko mgongoni."

"Moja kwa moja, shemeji."

"Kile kibao nani aliandika?"

"Unajua."

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Akamwambia. Alidhani yatakuwa maneno mengi, miaka kumi na mitatu ya maneno, lakini yalikwisha upesi: kiolezo kiliraruka, mgeni rasmi alikuwa njiani, nikachukua nne. Akatoa tisa ndani ya shati lake akampa. Dobi akaiinua kwenye ule mwanga mwembamba. Ndani ya tisa mlikuwa na mifupa ya vidole vya mtu.

"Ulijua lini?"

"Waliponiambia saa yake ilisimama saa ngapi."

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza."

"Ukaja msibani ukakaa mbele yangu, ukanywa chai yangu."

"Nilikunywa."

"Vikombe viwili."

"Vitatu," alisema Nukta, kwa kuwa sasa hakutaka kupunguza namba yoyote.

Dobi akaegemea ukuta wa jiwe. "Miaka kumi na moja nimelala na dakika thelathini na tano kitandani. Nazigeuza huku, nazigeuza huku. Nimemvalisha yule mwanamke nguo za kila rangi. Nimemlaani mwenzangu akiwa chini ya udongo, hawezi kunijibu. Kumbe zilikuwa zimetundikwa kwako. Ng'ambo ya mtaa! Ningevuka tu."

"Nisamehe, shemeji."

"Usiniite shemeji. Shemeji ni ndugu wa mume wangu. Wewe ni fundi."

Nukta alikuwa ameuandaa uso wake kwa ule mkono wa kulia. Haukuja. Dobi alichukua kitambaa chake mkononi mwa Nukta, akajifunga, akapita Shingo akiwa amegusa kuta zote mbili, kiganja huku na kiganja huku, mpaka zikamwachia.

Ufuo ulikuwa mzuri, na huo uzuri ulikuwa tusi. Mchanga ulilala bila alama ya mguu. Maji yalikuja na kurudi kama mtu asiyejua lolote. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kimebomoka. Dobi alikwenda mpaka mlangoni pasipo na mlango, akakaa kwenye kizingiti ambacho barua ile haikukifikia, akaiweka saa magotini. Alilia hapo, waziwazi, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa wiki hiyo. Nukta alisimama mbali. Hakuwa na haki ya kumbembeleza na alijua.

Mashua ya Nahodha ikaingia na wageni wanne.

"Makubwa! Madogo yana nafuu!" Nahodha alipiga kelele kabla hajatia nanga. "Nukta na Dobi ufuoni! Mmekuja kwa miguu, wazee? Arobaini eti?"

"Themanini na nane," Dobi akajibu, akijifuta uso. "Na nusu ya njia nilikimbia."

Nahodha akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Mgeni mmoja mnene, aliyekuwa akivua viatu, akatikisa kichwa. "Mama anasema kweli. Mwaka jana tulitumia karibu saa mbili. Sikumwambia mtu, hata mke wangu."

"Lakini kibao..." Nahodha akaanza. Akaitazama Shingo. Vidole vyake vikaanza kuhesabu pajani, vikafika mahali vikasimama. "Siku ile," alisema taratibu, "injini yangu..."

"Injini hufa," Dobi akamkatiza. "Mdomo wako ndio haukufa."

Nahodha akawarudisha kwa mashua bila mzaha hata mmoja. Lakini mdomo ni mdomo. Kufikia jioni mji mzima ulijua. Siku za mwizi arobaini, wakamwambia Nukta usoni, wewe umejipa miaka. Kisha mji ukasema ulikuwa umelijua jambo hilo tangu mwanzo, na kwamba Tarishi kila mtu alimheshimu.

Siku mbili baadaye Dobi aliingia karakanani.

"Bila kiolezo," alisema. "Kwa mkono."

"Mkono unatetemeka. Na jicho langu..."

"Utetemeke."

Akaishika mbao kwa mkono ule wa pasi, isicheze. Nukta akaandika akiwa ameinama mpaka pua inakaribia rangi. Jina. Tarehe. MUME MPENDWA. Herufi zilikuwa zimepinda, moja nene, nyingine nyembamba, kama watu waliosimama foleni. Chini yake Dobi akamtajia neno moja zaidi, naye akaliandika polepole kuliko yote: HAKUCHELEWA

Brashi ikabaki hewani.

"Nukta niweke?"

"Weka. Hapo ndipo pake."

Kisha wakapanda basi na kopo la rangi. Hawakuomba kibali. Baadaye baraza la mji lingemwandikia Nukta barua kumweleza kwamba tarakimu mpya inawakatisha wageni tamaa, lakini siku ile palikuwa na wao wawili tu na mwuza mikate aliyewatazama. Nukta aliifuta nne, akaweka tisa, akapaka. Ilikaa sawasawa. Kazi ya muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.

Alianza kufunga kopo. Dobi alikuwa ameshaingia njiani, anashuka.

"Basi linakuja upande huu," Nukta akamwita.

"Lije. Njoo na hiyo tisa."

Dakika kumi, kama ilivyo kweli. Dobi alifungua geti la bati, akapita katikati ya kuku, akabisha hodi. Mlango ulipofunguka, walimwona mwanamke mwenye mvi, mwembamba, aliyeushika mlango kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na moja hujanunua," alisema Mama Mayai. "Leo kwingine yamekwisha?"

"Nimekuja kwa mengine. Mayai ni ya kuanzia."

Mama Mayai akatazama juu ya bega lake, akamwona mzee aliyeshika kopo na kipande cha filamu chenye rangi mbichi. "Na huyo?"

"Huyo ana maneno yake mwenyewe." Dobi akageuka. "Fundi, simama hapo hapo. Zamu yako inafuata."

Mlango ukafungwa. Nukta akasimama uani, kuku wakidonoa karibu na viatu vyake, akitega sikio. Kisha akasikia kiti kikivutwa sakafuni, na baada ya kitambo, kiti cha pili.